Zimwi la Langoni

Milimani, Kisumu
14 Julai 1991

Dada yangu Rehma,

Pokea salamu zangu na za Mzee Masinde. Sisi huku wazima kabisa. Presha ya Mama ikoje? Mwambie dawa alizoleta Nelima, mke wa Mzee, azimeze baada ya kula, si kabla, asije akasema zinamchoma tumbo halafu azitupe chooni kama zile za kwanza. Shemeji Hemedi nasikia amepata malaria tena, pole yake. Na Swaumu mwambie mjomba wake anauliza meno ya mbele yameota au bado ni pango.

Barua ya chuo haijafika. Kila siku napita posta, yule mama wa dirishani siku hizi akiniona anatikisa kichwa kabla sijafungua mdomo. Lakini Mzee Masinde hajawahi kuniuliza nitaondoka lini. Tangu Baba afariki, yeye ndiye mtu pekee wa bandarini aliyekumbuka kwamba Baba aliacha watoto. Godoro lake la pili amenipa mimi, na kwota yenyewe, chumba hiki cha askari wa lango, unajua ilivyo, ukinyoosha mguu unagusa jiko.

Sasa nikupe habari ya maana. Gordon, mtoto wa mwenye nyumba anayoilinda Mzee, amekuja likizo kutoka Uingereza. Baba yake ndiye mkurugenzi wa kiwanda kile kinachokata samaki wenu, mbuta. Gordon amekuja na mchezo ambao sijapata kuuona. Hakuna ubao wala kete. Kila mtu anachagua awe nani: shujaa, mchawi, mwizi, mtoto wa mfalme. Halafu mmoja anakuwa msimulizi, anawaambia wako wapi na wanaona nini, na wao wanasema watafanya nini. Kuna dadu za ajabu, moja ina pande ishirini. Mtu akitaka kuruka mto anatupa dadu, namba inasema ameruka au amezama.

Nilikuwa napita na ndoo ya maji verandani. Gordon na rafiki zake wawili, Waliaula na Tom, walikuwa wamekwama kwenye mto huo, hawajui uweje. Nikasema tu, mto huo una viboko, na kuna mama mzee upande wa pili anayewaita kwa majina yao. Gordon akasema, weka ndoo chini, keti. Tangu siku hiyo msimulizi ni mimi. Dada, wewe hebu fikiria! Mtoto wa mkurugenzi ananiuliza mimi, "Naweza kupita?" Na nikisema mlango umefungwa, umefungwa. Neno la msimulizi halipingwi, ndiyo sheria kubwa ya mchezo. Tunacheza kwa Kiingereza tangu asubuhi, tunaletewa fileti za kukaanga, zikibaki anapewa mbwa, tunaendelea.

Sijawahi kujisikia huru hivi.

Wako,
Faraji


Asembo Bay
2 Agosti 1991

Kwako Faraji,

Tumepata salamu zako. Hemedi ameamka, anakula uji. Mama anameza dawa kwa sababu nasimama juu ya kichwa chake mpaka nione koo limecheza. Swaumu jino moja limechungulia, anajitazama kwenye kijiko mchana kutwa. Shukuru Mungu.

Haya, nimemaliza ya heri. Barua yako nimeisoma mpaka kwenye neno dadu nikasema astaghfirullah, huyu mtoto amekuwa mcheza kamari. Hemedi akanicheka, akasema soma mpaka mwisho. Nikasoma mpaka mwisho. Wallahi heri nisingesoma.

Mbwa anakula fileti? Umeniandikia mimi habari hiyo kama unaniambia mvua imenyesha? Mimi Alhamisi nilisimama pale ufukweni tangu alfajiri, tukapakia mbuta kwenye lori la huyo huyo baba yake rafiki yako. Wakubwa, wanene, mmoja alihitaji watu wawili kumbeba. Yule karani wa lori akawabonyeza kwa kidole, akakataa nusu, eti wamelegea. Na lori linapokuja huwa limebeba mgongo wazi kutoka kiwandani, mifupa na vichwa, mnofu wote umekwangwa, macho bado yako ndani yanakutazama, nzi juu. Hiyo ndiyo wanatuuzia sisi turudi nayo nyumbani. Wanawake wazima wanavutana nguo kwa ajili ya mfupa! Nami nilivuta, usidhani. Mafuta ya kile kitu yakichemka harufu inaingia mpaka kwenye mto wa kulalia. Nilimlisha Mama. Na mnofu wa samaki wangu anakula mbwa Milimani, na ndugu yangu amekaa hapo anasimulia hadithi. Ptuu!

Halafu niulize. Hao mashujaa wenu wanaokoa vijiji, sivyo? Wanavijiji wenyewe wanaitwa nani? Kuna aliyechagua kuwa mvuvi? Mama muuza samaki? Au watu kama sisi tupo kwa ajili ya kuokolewa na kukanyagwa tu wakati mtoto wa mfalme anapita?

Na ndoo ile ya maji, nani alimalizia kuibeba?

Usinijibu kwa hasira. Ndiyo, mimi nina hasira, lakini mimi ni mkubwa.

Dada yako,
Rehma


Milimani, Kisumu
19 Agosti 1991

Dada Rehma,

Nafurahi shemeji ameamka. Nimemnunulia Swaumu penseli za rangi, Nelima atazileta akija kununua omena, dagaa wenu, mwisho wa mwezi.

Ndoo alimalizia Mzee Masinde. Umefurahi?

Dada, wewe unaona kila kitu kwa jicho la samaki. Mimi fileti sikuzikata wala mbwa si wangu. Na wanavijiji ni kweli hatuwapi majina, kwa sababu wakiwa na majina hadithi haitembei, utasimama kwa kila mtu. Kuhusu mvuvi, yeyote anaweza kuchagua kuwa mvuvi, hakuna anayekatazwa. Ila mtu atachaguaje umaskini kwenye mchezo, na nje umejaa bure? Mle ndani mtu anasema "nafanya" na amefanya. Haombi ruhusa kwa karani, hasubiri barua. Wewe ni lini mara ya mwisho umefanya kitu bila kumuuliza mtu? Usinipige, nauliza tu.

Gordon anarudi Uingereza mwezi ujao, kwa hiyo Jumamosi hii tutafanya kitu kikubwa. Tutacheza kwa miguu, hapa uwanjani, si mezani. Wametengeneza ngao za mifuniko ya mapipa na fimbo za mpera. Lango la nyumba ndilo lango la ngome. Mimi nitakaa juu ya tangi la maji na dadu zangu, nitasimulia kwa sauti. Mzee Masinde atakuwa zimwi linalolinda lango. Gordon amemwomba mwenyewe. Mzee amecheka mpaka akashika mbavu, akasema, "Sasa mimi nimelinda hii geti miaka yote, leo ndio mnaona mimi ni zimwi?" Watamvika ngozi ya ng'ombe iliyokuwa sebuleni.

Kwa hiyo usiseme watu wadogo hawapewi nafasi. Mzee ndiye mhusika mkuu wa Jumamosi.

Msalimu Mama. Nakuahidi nikipata kazi au chuo, mgongo wazi utaiona kwa watu.

Mdogo wako,
Faraji


Kisumu
10 Septemba 1991

Dada,

Natumaini wote hamjambo. Mimi mzima. Samahani kwa kuchelewa, kulikuwa na shughuli.

Nina habari njema. Baba Gordon ameniingiza kazini, ofisi ya kiwanda, upande wa mizigo. Naanza kesho. Pia amenipa chumba ndani ya nyumba, kile cha wageni cha nyuma, kwa hiyo siko tena kwota. Barua zangu ziandike kwa anwani ya kiwanda.

Gordon amesafiri. Mchezo ule tumeuacha.

Mzee Masinde alianguka, jicho moja halioni vizuri. Amerudi kwao Bungoma kupumzika. Usimwambie Mama, presha itampanda.

Nakutumia kitenge na karani wa lori.

Faraji


Asembo Bay
6 Oktoba 1991

Faraji,

Mama mzima. Watoto wazima. Kitenge kipo, kimekunjwa, sijakigusa wala sitakigusa.

Nelima amekuja. Unadhani hangekuja? Mke wa Masinde amekuwa akinunua omena hapa tangu wewe hujajua kufunga vifungo vya shati. Hakununua kitu. Aliketi kwenye kigoda changu, akavua kitambaa cha kichwa, akalia mpaka mimi nikashindwa niweke wapi mikono. Masinde hayuko Bungoma kupumzika. Amefukuzwa kazi. Jicho limekwenda, daktari amesema likiachwa litavuta la pili. Na barua aliyopewa mkononi inasema alikuwa amelewa kazini, akaanguka, kwa hiyo hapati kitu chochote.

Amelewa! Masinde wa Jeshi la Wokovu, anayepiga ngoma kanisani kila Jumapili na sare yake nyeupe! Mtu ambaye hata soda anauliza kwanza kama ina kitu ndani! Baba alikuwa akimtania bandarini kwa sababu hiyo, umesahau? Ati amelewa. Nimesikia kichefuchefu, Faraji, si kwa kusema tu, niliinuka nikaenda nyuma ya nyumba nikatapika.

Nelima anasema mumewe hasemi nini kilitokea. Anasema tu, "Muulize kijana, yeye alikuwa juu, yeye aliona." Basi. Hakulaani, hakutaja mtu. Wewe uliyelala kwenye godoro lake, uliyekula ugali wake, uliyevaa viatu vyake siku ya mtihani.

Sasa nakuuliza mimi. Ulikuwa juu ya tangi. Uliona nini?

Na usinijibu kwa habari ya kazi. Kazi umepewa siku ngapi baada ya hilo jicho? Chumba je? Unalala vizuri humo? Godoro la sponji, sivyo? Hao watu wamekutapikia ukaona ni chakula.

Masinde amepeleka malalamiko kwa ofisa wa kazi, Nelima ndiye amemsukuma. Wanataka shahidi. Wote waliokuwepo ni watoto wa wakubwa, na wewe. Nenda ukaseme. Mashujaa wako wa dadu wanapigana na mazimwi yasiyokuwepo. Wewe mdomo tu unakushinda kufungua?

Sitaki salamu zako mpaka uwe umenijibu.

Rehma


Kisumu
28 Oktoba 1991

Dada,

Nimeandika barua hii nikaichana, nikaandika tena. Nakujibu.

Walimvika ile ngozi na kumfunga kamba kiunoni. Mzee alikuwa anacheka. Wakampa rungu la mbao, akalishika kama mtu aliyepewa mtoto wa mwenyewe. Gordon alimwambia, "You can hit back," na Mzee akaitika yes sir, lakini nani asiyejua kwamba hawezi? Angempigaje mtoto wa bosi? Wakawa wanamjia mmoja mmoja, wanagonga ngao, yeye anarudi nyuma anacheka. Mimi juu nasimulia. Nilikuwa na sauti siku ile, Dada. Hata majirani walikuja kuchungulia kwenye ua. Nilikuwa nasema maneno ambayo sikujua ninayo.

Kisha Gordon akaniambia nitupe dadu. Nikatupa, ikaja ishirini. Ishirini ni pigo la kuua. Nikatangaza kwa Kiingereza kikubwa kwamba zimwi limechomwa moyoni, limekufa. Kila mtu akapiga kelele.

Mzee akabaki amesimama.

Hakuelewa. Kiingereza chake ni cha langoni, good morning sir, boss not here. Hakujua kwamba amekufa na anatakiwa alale chini. Na hata angejua, unajua yeye alivyo. Miaka yote ile sheria yake ilikuwa moja, askari hakai chini langoni, sembuse kulala, mwenye nyumba akikukuta umelala huna kazi. Akasimama wima kabisa mbele ya lango, ananitazama mimi juu, anangoja nimwambie kinachofuata.

Gordon akaona anafanyiwa ukaidi mbele ya wenzake. Akasema, "He's dead, he has to fall." Akampiga fimbo ya bega. Mzee akabaki amesimama. Akampiga ya kichwa. Akabaki amesimama, safari hii hacheki tena, anasema, "Kijana, kijana, pole pole." Ya tatu ndiyo iliyoingia jichoni.

Neno moja, Dada. "Mzee, lala chini." Kiswahili cha mtoto mdogo. Nilikuwa na nafasi ya kulisema mara mbili. Sikulisema kwa sababu nilikuwa msimulizi, na msimulizi hatoki kwenye sauti yake katikati ya mchezo. Hiyo ndiyo sababu. Sina nyingine. Hakuna aliyenishika mdomo.

Baba Gordon akatoka na gazeti mkononi. Akauliza, "Kumetokea nini hapa?" Na unajua nini? Wote wakanigeukia mimi. Kwa mazoea tu. Nikasema, "Alianguka." Tom akaongeza, labda alikuwa amekunywa. Mimi nikanyamaza.

Kazi nilipewa Jumatatu yake. Hakuna aliyeniambia ni kwa ajili ya nini. Wana adabu sana. Asubuhi mpishi anabisha mlango ananiuliza nataka mayai ya aina gani. Yai likiletwa lina kiini kinacheza, naona jicho. Nasukuma sahani. Mpishi anampa mbwa.

Sijui kama naweza kwenda kwa huyo ofisa. Nikienda narudi wapi? Kwota ina askari mpya. Lakini nimekuandikia, wewe umejua. Unaniambia niende?

Faraji


Asembo Bay
1 Desemba 1991

Mdogo wangu mpenzi,

Sisi wote hatujambo, alhamdulillahi, mvua imekuwa nzuri na ziwa limetulia. Swaumu amekuwa wa nne darasani. Mama presha imeshuka sana, amepata daktari mzuri pale Bondo, dawa za kweli kweli, si zile za kupewa nusu. Hemedi anasalimu, yuko Lwanda, amekwenda kutazama mabati. Tumefikiri tuezeke upya kabla ya masika. Kitenge nimeshona, kimenikaa vizuri.

Barua yako niliipata. Nimechelewa kujibu kwa kuwa shughuli zilikuwa nyingi. Yaliyotokea yanasikitisha. Lakini nimefikiri pia, wewe bado kijana, na mambo haya yakifika ofisini hayana mwisho. Labda ungengoja kidogo. Masinde nasikia ana watoto wakubwa huko Bungoma, watamsaidia. Ofisa wa kazi mwenyewe anaweza kuchunguza, si lazima wewe.

Usiwaze sana. Kula. Ukikonda Mama atanilaumu.

Dada yako akupendaye,
Rehma


Kisumu
20 Desemba 1991

Dada Rehma,

Salamu kwa wote. Hongera kwa Swaumu.

Niliisoma barua yako nikadhani umeandikiwa na mtu mwingine. "Yanasikitisha"! Wewe? Wewe uliyetapika nyuma ya nyumba?

Leo ofisini wamebandika ukutani majina ya mawakala wa kiwanda wa mwaka mpya. Asembo Bay, Rehma wa Hemedi. Wewe peke yako. Kila mbuta atakayepanda lori ufukweni hapo atapita mkononi mwako, na wale wanawake wenzako watakuuzia wewe. Niliposimama kusoma, mkubwa wangu akanipiga begani akasema, "Dada yako ni mtu wa maana, anajua kuongea na watu."

Uliongea nao lini? Kabla ya barua yangu ya jicho, au baada? Na walikujaje kwako, walibisha hodi, wakakuuliza unataka mayai ya aina gani?

Kesi ya Mzee itasikilizwa tarehe kumi na nne Januari. Gordon amekuja Krismasi. Amenisalimu vizuri. Ameniuliza kama nimetunza dadu zake.

Faraji


Asembo Bay
4 Januari 1992

Faraji,

Mama hajambo. Ndilo la kwanza na ndilo la mwisho, Mama hajambo, na sababu ni uwakala huo unaonitemea mate.

Walikuja baada. Barua yako ilikuwa chini ya mkeka wangu. Mkurugenzi mwenyewe alishuka kwenye gari na viatu vyake vyeupe, akakanyaga magamba, akakataa kiti, akakubali maji lakini hakuyanywa. Hakumtaja Masinde. Hakukutaja wewe, ila alisema ana furaha familia yetu inaelewana na kiwanda. Basi tu. Kisha akaniambia karani wake atakuwa ananiuliza mimi samaki yupi mzuri. Mimi! Yule mshenzi wa kidole! Nilitaka kumtemea kwenye viatu. Nikasema ahsante bwana.

Unataka nikwambie najisikiaje? Najinuka. Naoga na sabuni ya magadi najinuka. Wanawake niliokuwa navutana nao mgongo wazi sasa wananiita Mama Rehma, wananipisha njia, wanasubiri nibonyeze samaki wao. Na mimi nabonyeza, Faraji. Kidole hiki hiki. Alhamisi nilimkatalia mjane samaki watatu kwa sababu karani alikuwa ananitazama.

Lakini Mama alikuwa anakufa. Wewe ulikuwa unaambiwa hajambo kwa sababu nilikuwa nakuficha. Mwezi wa kumi alianguka mara mbili, upande mmoja wa mdomo ukateremka. Dawa ile ya nusu ilikuwa haifanyi kitu. Sasa anatembea mpaka msikitini. Unaniambia nimpokonye hayo? Kwa ajili ya jicho ambalo limekwisha kutoka na halirudi?

Niliyokuandikia Oktoba yalikuwa kweli. Ninayokuandikia sasa pia ni kweli. Kumbe mtu anaweza kusema yote mawili. Sikujua.

Usiende tarehe kumi na nne. Nakuomba kama dada, na kama mtu aliyekubeba mgongoni. Sema unaumwa. Usiende.

Rehma


Kisumu
14 Januari 1992, Jumanne

Dada yangu Rehma,

Salamu zangu kwako, kwa shemeji, kwa Swaumu. Kwa Mama mpe mkono, usimwambie kitu bado. Ulinificha mdomo wake ulioteremka, na mimi nilikuficha jicho. Sijui nani kati yetu amejifunza kwa nani.

Nimekwenda.

Chumba chenyewe ni kidogo, madawati mawili, feni imekufa. Baba Gordon aliketi upande mmoja na wakili. Upande mwingine Mzee Masinde, na sare yake nyeupe, kitambaa juu ya jicho, na Nelima. Gordon hakuja. Ofisa akauliza nilikuwa wapi siku ile. Nikasema juu ya tangi la maji. Akauliza nilikuwa nafanya nini huko. Nikasema, nilikuwa nasimulia. Wakili akacheka. Ofisa akaniambia, haya, simulia.

Nikasimulia kwa Kiswahili. Sikupamba. Kila mtu nilimtaja kwa jina lake, Gordon, Waliaula, Tom, mimi. Ngozi, rungu la mbao, pigo la bega, la kichwa, la jicho. Nikasema mzee huyu hajapata kuonja pombe, na mimi nilijua hivyo siku ile nilipokaa kimya. Wakili akauliza kama si kweli kwamba nimelishwa na kulazwa na familia hiyo. Nikasema ni kweli, na kabla yao nililishwa na kulazwa na huyu, nikamwonyesha Mzee. Akauliza sasa kwa nini nimegeuka. Nikamwambia nasikia kinyaa. Ofisa akauliza kinyaa cha nini, aandike. Nikasema cha chakula ninachokula. Akaandika.

Haijaamuliwa. Wataitwa wengine mwezi wa pili, na yule wakili anajua kazi yake. Huenda Mzee asipate kitu. Usije ukasikia nimeshinda, sijashinda.

Tulipotoka nje Mzee hakunishukuru, na vizuri, ningeona aibu. Alinitazama na lile jicho moja muda mrefu. Akasema, "Siku ile mimi nilikuwa nangoja wewe useme kitu." Nikasema najua, Mzee. Akasema, "Basi twende tukule." Tulikula maharage kwenye kibanda cha sokoni, watu watatu, na nilimaliza sahani.

Vitu vyangu walikuwa wameshaviweka nje ya lango. Askari mpya hakunitazama usoni. Baba Gordon alipita na gari, akasimama, akashusha kioo, akaongea kwa upole, hana haja ya kupiga kelele mtu yule. Alisema, "Mwambie dada yako sisi hatuna ugomvi na yeye. Ila kuna watu wengi Asembo wanaopenda kufanya kazi." Akapandisha kioo.

Nisikilize sasa, na unichukie baadaye, una haki. Najua kila Jumatano jioni unachukua samaki wa mashua zote kwa neno lako tu, na Alhamisi unawatolea lori. Na ofisi ya mizigo nimeona wakala anavyofutwa, haambiwi kitu, lori halitumwi tu. Najua wakioza ni wewe utakayedaiwa na ufuko mzima. Posta haitakufikia kabla ya hapo, kwa hiyo barua hii anakuletea Nelima. Anaondoka alfajiri. Nimemwambia yaliyoandikwa ndani, akasema ataipeleka. Mkaribishe, mpe kigoda.

Dada, kesho usipokee samaki wa mtu yeyote. Alhamisi lori halitakuja.

Faraji